Zima Uwashe

Kimulot, Jumapili 11 Februari 2024

Kwako ndugu yangu Omariba,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima, basi uwe angalau umekula. Sisi tupo. Jua la mwezi wa kwanza lilikausha majani chai, sasa yameanza kuchipua, na wachumaji wameanza kujifanya hawapatikani. Ile ng'ombe nyeusi aliyoiacha mama imezaa ndume. Najua ungetaka jike, hata mimi. Mzee Nyakundi wa kanisa anakusalimu, anauliza kama huko Londiani mnaitunza Sabato ama mnatunza miche ya serikali peke yake.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu huipokei. Sitauliza kwa nini. Barua ataibeba Momanyi wa vifurushi, steji ya Kericho. Huyo hajawahi kupoteza hata gunia la viazi, karatasi moja haitamshinda.

Sasa jambo lenyewe. Laptopu ya marehemu Gekara iko kwangu, katika ile nyumba nyuma ya saiba yangu ya intaneti. Tangu tumzike sijaizima. Si kwamba niliamua hivyo. Niliikuta imefunikwa, chaja iko ukutani, taa yake ndogo ya ubavuni inapepesa, nikaiacha. Mwezi wa kumi na mbili nilianza kuweka karatasi za saiba katika nyumba hiyo, na asubuhi moja nikaingia mapema kuchukua rimu. Saa kumi na moja na dakika arobaini, ikaamka yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Feni ikavuma kidogo, ndipo akaongea.

Ni yeye, Omariba. Hata kile kikohozi chake cha kutanguliza maneno kipo. Anasema, "Mama, amka. Kumekucha, mama. Mimi nimetangulia..." Hapo inakatika na mashine inalala tena. Kila siku inakatika hapo hapo. Sauti yake haishuki kama ya mtu aliyemaliza. Inakatwa kama uzi kwa meno.

Wewe unanijua, mimi si mtu wa mizimu. Neno linasema wafu hawajui neno lolote, nami naliamini. Lakini mama yetu ana miaka tisa ardhini, na kila alfajiri mwanawe aliyelala karibu naye anamwambia aamke, na kwamba yeye ametangulia. Ametangulia wapi? Ninataka kusikia yaliyobaki. Hilo tu.

Shida ni hii. Nikiinua kifuniko inataka neno la siri, na sauti inanyamaza. Nikiizima kabisa, ikiwaka tena itasimama pale pale mlangoni ikidai neno la siri, na bila hilo hata haya machache hatayasema tena. Sasa hivi anaongea kwa sababu Gekara mwenyewe ndiye aliyeifungua mara ya mwisho, na haijazimwa tangu siku hiyo. Umeelewa? Ni kama mlango alioacha wazi akitoka. Ukiufunga, ufunguo amezikwa nao.

Nimeuliza mtandaoni, kwenye lile jukwaa linaitwa Fundi kwa Fundi. Nilieleza vizuri, hata aina ya mashine nikataja. Nikaandika kwa herufi kubwa: TAFADHALI MSINIAMBIE NIIZIME. Nimepata majibu arobaini na moja. Kumi na tisa wanasema, "Zima uwashe." Kumi na moja wanasema nifomati, yaani nifute kila kitu. Sita wanasema laptopu ni ya wizi, ndiyo maana sina neno la siri; mmoja wao anataka nimlete mwenye mashine athibitishe. Nikamjibu mwenyewe ni marehemu. Akaandika, "Wezi wote husema hivyo." Wanne wameniambia niite pasta. Aliyebaki anauza laptopu.

Mimi saiba hii niliianza na kompyuta moja iliyotupwa na shule, niliyoifungua na kuifunga hadi ikawaka. Hakuna aliyenifundisha. Leo watoto wasiojua kushika bisibisi wananiambia nizime niwashe.

Niandikie unavyofikiri.

Dada yako,
Mongina

*

Londiani, 3 Machi 2024

Dada Mongina,

Nimepokea salamu zako, nami nakurudishia kwa mikono miwili. Huku mvua imetuonyesha dalili tu ikaenda zake. Kazi ya kitaluni inaendelea; tumepanda misipresi, na nyani wanatukagulia. Mguu wangu unauma asubuhi na kunyamaza mchana, kama karani. Nimempa Momanyi debe la viazi. Vile vyekundu vipike kwanza, havikai. Mwambie Mzee Nyakundi kwamba Sabato naitunza, ila miche haijui Sabato, inataka maji.

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimeketi.

Umeniuliza ninavyofikiri. Kompyuta sizijui, wewe unazijua. Lakini mimi pia nasema zima. Mtu akishaondoka, aachwe aondoke. Usiku wa matanga tulimwimbia hadi sauti zikaisha. Sasa wewe unakaa gizani kila alfajiri umsikilize akikatwa katikati ya neno. Utapata nini?

Kuhusu simu, nitakwambia mara moja. Simu ndiyo iliyoniambia kwamba lori la majani limepinduka na kwamba Gekara alikuwa juu ya magunia. Tangu siku hiyo ikilia kwa jina la mtu wa nyumbani, mkono haufiki. Karatasi ni afadhali. Karatasi hailii.

Hujaandika habari za watu wa Gekara kule Ndanai. Wako aje?

Ndugu yako,
Omariba

*

Kimulot, 17 Machi 2024

Omariba,

Salamu. Viazi vilifika vyote. Vyekundu nilipika kwanza. Ndume amepata kuhara, amepona. Umeme umeanza kuchezacheza.

Basi wewe ni wa ishirini wa kuniambia nizime. Hao wengine hawakunyonya ziwa moja nami, ndiyo maana lako limeniuma zaidi.

Nimeendelea kupigana na wale watu. Kuna mmoja anajiita Waya Moja, ndiye mkubwa wa jukwaa, ana nyota kibao kando ya jina lake. Amefunga swali langu. Anasema liliulizwa na kujibiwa zamani, akaniwekea mahali pa kubonyeza. Nikabonyeza. Ilikuwa habari ya printa inayokwama karatasi. Nikamwandikia, "Bwana, swali langu halina printa." Akajibu, "Kanuni ni sawa, zima uwashe." Nikamwambia fundi anayetibu kila ugonjwa kwa dawa moja si fundi, ni muuza mitishamba wa sokoni. Akanifungia nisiandike kwa wiki nzima.

Lakini sikiliza. Wakati huo nimefungiwa nilisoma ya zamani. Nikakuta mtu wa mwaka 2016 mwenye shida yangu, sawa kabisa: mashine inaamka yenyewe, inaongea kidogo, inalala kabla ya kumaliza. Watu wakamjibu upuzi ule ule. Halafu, siku chache baadaye, yeye mwenyewe ameandika: "Nimeshapata, asanteni." Basi. Hakusema alipata nini wala wapi. Chini yake wako watu wanaomuuliza, mwaka baada ya mwaka, "Ulifanyaje? Tafadhali, ulifanyaje?" na hajarudi. Huyo ndiye ninayemchukia kuliko Waya Moja. Mjinga ni mjinga. Lakini aliyepata akanyamaza, huyo moyo wake ni wa namna gani?

Neno la siri nimelitafuta mwenyewe. Kwa kuwa anamwita mama, nilianza na jina la mama. Nyambeki. Imekataa. Nyambeki na mwaka aliozaliwa, na mwaka aliofariki, kwa herufi kubwa, kwa ndogo, kinyumenyume. Nimejaribu jina la kanisa, la ng'ombe, la kituo cha kupimia majani, namba yake ya kazi pale. Inakataa, inakataa. Na kesho yake alfajiri anaamka, "Mama, amka."

Nakusihi ufikirie. Wewe ulilala naye kitanda kimoja tangu utoto. Angeweka neno gani?

Mongina

*

Londiani, 28 Aprili 2024

Dada Mongina,

Salamu, na pole kwa kuchelewa. Mvua tuliyoililia imekuja na deni la miaka. Barabara ya chini imebebwa, Momanyi hakufika kwa majuma mawili. Miche michanga yote ilioga tope. Sisi tuko salama. Nimesikia huko kwenu mto umepanda hadi kwenye majani ya watu. Niandikie kama shamba liko.

Sijui neno la siri la Gekara. Kitandani tulikuwa tunagombania blanketi, hatukuwa tunapeana siri.

Lakini kuna jambo limekaa kwenye barua zako nami nalizunguka. Unaandika "ile nyumba nyuma ya saiba". Ile nyumba ilikuwa na watu, dada. Siku ya tatu baada ya mazishi nilipita kuchukua koti langu, nikakuta kufuli mpya, ya shaba, bado ina karatasi ya dukani. Nilikuuliza siku ile, ukaniambia tuzungumze baadaye.

Nauliza tena, kwa karatasi. Laptopu uliipataje?

Omariba

*

Kimulot, 5 Mei 2024

Omariba,

Salamu. Shamba liko, mistari ya chini ililala ndani ya maji ikasimama tena. Chai haifi haraka. Paa la stoo linavuja, nimeweka sufuria.

Laptopu niliinunua mimi, ya saiba, Gekara akaomba aitumie nyumbani. Karatasi ya duka ninayo.

Sasa betri. Mwezi wa pili umeme ukikatika ilikuwa inahimili muda wa kutosha kuhubiriwa. Siku hizi hata wimbo wa kufungia ibada haimalizi. Nimeiunganisha na ile betri kubwa ya saiba, lakini nayo imezeeka. Kila radi ikipiga nakimbia kule nyuma kama mtu aliyeacha mtoto karibu na jiko.

Mzee Nyakundi alikuja. Ni kwa hiari yake, mimi nilimwambia tu inavyokuwa. Alifika bado giza, na Biblia, na kofia mkononi. Tukakaa juu ya rimu za karatasi kama watu wanaongoja basi. Saa ilipofika Gekara akaongea. Mzee alisikiliza kichwa kikiwa chini. Nilifikiri ataomba. Akaniuliza, "Mongina, mama yenu Kiswahili alikijua lini?"

Omariba, ni kweli. Mama aliishi na kufa na Ekegusii chake. Kiswahili alikuwa anasikia sokoni tu, na kukijibu kwa mkono. Gekara hakuwahi kumwambia "amka" kwa Kiswahili, hata kwa mzaha.

Mzee akaniambia niizime hiyo kitu. Naye pia. Akasema kama si mama anayeitwa, basi kinachoita hakijui kinamwita nani, na kitu cha namna hiyo hakifai kuwa ndani ya nyumba.

Tangu siku hiyo naogopa. Nimesema. Naogopa na bado naenda.

Mongina

*

Londiani, 2 Juni 2024

Dada Mongina,

Salamu za hapa. Mahindi yamefika magotini. Nyani wamepungua tangu tumpate mbwa, na sasa mbwa ndiye anayekula.

Mzee Nyakundi ameuliza swali zuri akalijibu vibaya.

Gekara alizungumza Kiswahili na watu wawili tu nyumbani kwake. Mkewe ni Mkipsigis, yeye Mkisii, walikutana katikati. Mkewe alimwita kwa jina lake, Chepchumba. Na yule mtoto wao, siku aliyozaliwa, Gekara alisimama mlangoni mwa wodi akanipigia simu, wakati ule bado napokea, akasema, "Omariba, mama amerudi. Nimempa jina lake." Na kwetu, mtoto aliyebeba jina la mama yako utamwita nani? Utamwita mama. Hata akiwa na meno mawili.

Sikukuambia mapema kwa sababu nilijua unajua. Na kama ulikuwa hujui, ni kwamba hukutaka kujua.

Hakuna mzimu hapo. Kuna baba anayemwamsha mtoto.

Omariba

*

Kimulot, 16 Juni 2024

Omariba,

Wazima. Ng'ombe wazima.

Unaniandikia kana kwamba mimi ndiye niliyepindua lori. Nani aliyemlipia Gekara karo alipotaka kuacha shule? Nani aliyempa kazi ya saiba kabla hajapata ya kituo cha majani? Sasa mimi ndimi mbaya, na yule aliyekuja na sanduku moja ndiye mwenye nyumba.

Jina la mama halikuwa la kutolewa hivyo hivyo. Hakuna ng'ombe wa mahari aliyevuka kwenda Ndanai, hakuna mzee aliyeketi. Mtoto wa kwanza wa kike alipaswa kulipata katika nyumba iliyofungwa kwa desturi. Na tena, mwanamke yule hata kulitamka hawezi. Wewe ulimsikia siku ya mazishi akimtafuta mtoto kati ya watu: Nyampeki, Nyampeki, kama mtu aliye na kiazi moto mdomoni. Wageni wakacheka. Mama yetu akachekwa kando ya kaburi la mwanawe. Mimi sikucheka.

Kama alitaka laptopu angekuja kuichukua.

Mongina

*

Londiani, 30 Juni 2024

Dada,

Salamu.

Angekuja, akafungua kufuli kwa ufunguo gani?

Omariba

*

Kimulot, Jumapili 25 Agosti 2024

Ndugu yangu Omariba,

Salamu. Natumaini mguu umetulia. Mimi nilinyamaza miezi hii, najua. Mwaka wa Gekara umetimia na hatukukutana. Nilipeleka maua mwenyewe. Ndume tumemuuza.

Imezimika.

Jumanne stima ilikatika tangu asubuhi, transfoma ya kule juu imeungua. Betri ya saiba ikaisha saa sita. Nilikodi jenereta ya kanisa, ikawaka, ikafa, spaki plagi. Nilikuwa naisafisha kwa kisu pale sakafuni, mikono inanuka petroli, niliposikia kitu. Siwezi kusema nilisikia. Kulikuwa na kamlio kadogo ambako siku zote sikuwa nikikasikia katika ile nyumba, na kakaisha. Nikageuka. Taa ya ubavuni haikuwa inapepesa.

Stima iliporudi niliwasha. Imesimama pale nilipojua itasimama. Picha yake, ile ya koti la mvua, na kisanduku cha neno la siri chini ya kidevu chake.

Nimeenda kila alfajiri tangu siku hiyo. Nakaa juu ya rimu. Saa inafika, inapita. Nilidhani nilichokuwa naogopa ni ile sauti. Omariba, nyumba ile bila sauti ndiyo ina mzimu. Kuna kiatu kimoja cha mtoto chini ya kabati. Kilikuwa pale wakati wote na mimi nakipita tu.

Niliandika jukwaani kwamba imezimika. Waya Moja akajibu, "Safi. Sasa washa."

Kutoka Sotik hadi Ndanai magari yapo Jumapili? Nauliza tu.

Mongina

*

Londiani, 1 Septemba 2024

Dada Mongina,

Salamu na pole. Hii namkimbilia Momanyi nayo kabla hajaondoka.

Magari yapo, ya asubuhi. Ukishuka sokoni uliza kwa Phelis anayeuza madumu ya maziwa, yeye atakuonyesha njia. Mimi huenda kila nikipata likizo. Sikuwahi kukuandikia, kwa kuwa hukuwahi kuniuliza; nilipokuuliza wako aje nilikuwa nakupima. Usiende na zawadi kubwa, itaonekana kama faini. Peleka ndizi mbivu.

Na usisahau chaja.

Omariba

*

Kimulot, Jumapili 29 Septemba 2024

Kwako ndugu yangu Omariba,

Nakusalimu, na leo nina salamu zaidi za kukupa, utaziona mbele. Majani ni mengi, magunia hayatoshi. Mvua kila alasiri. Mimi nina mafua.

Nilienda Jumapili iliyopita. Ndizi, chaja, laptopu ndani ya sweta, na kile kiatu.

Chepchumba alikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake akisafisha vibuyu vya maziwa kwa kaa la moto. Amekonda. Aliniona tangu mbali, hakusimama. Nilipofika karibu nikamsalimu, akaitikia vizuri, kwa sababu hao ni watu wa adabu hata wakikuchukia. Halafu akaniuliza, akiendelea kufuta kibuyu, "Umekuja kuchukua nini tena?"

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Sotik. Nikatoa laptopu kwenye sweta nikaiweka juu ya kigoda. Akanawa mikono, akaleta chai.

Mtoto alitokea akiwa peku, amekuwa mrefu, ana paji la mama yetu. Si paji la kufanana, ni lenyewe. Hakunikumbuka mimi, aliikumbuka mashine. Akaniuliza kama bado inaongea. Nikamwambia ilikuwa inaongea hadi mwezi uliopita.

"Inasema aje?"

Nikamwambia. Sikujua kama naweza kuyatamka mbele ya watu. Mama, amka. Kumekucha, mama. Mimi nimetangulia. Hapo nikakoma, kwa kuwa ndipo ninapojua.

Akaningoja, kama watoto wanavyomngoja msomaji aliyepoteza mstari. Alipoona siendelei, akamalizia yeye, haraka haraka, mikono nyuma, kama anayesema fungu la kukariri kanisani: "Mimi nimetangulia kituoni. Uji uko kwa chupa. Vaa sweta, usivae kiatu bila soksi. Ukiniona barabarani nitakupungia."

Basi ndiyo hayo, Omariba. Kituoni. Alikuwa ametangulia kituoni kupima majani.

Chepchumba ndiye aliyenieleza. Gekara alikuwa akitoka kabla ya saa kumi na moja, yeye naye akitoka kwenda kuchuma, na mtoto hakuwa anaamka kwa king'ora, anaamka kwa baba tu. Kwa hiyo akajirekodi. Na nilipomuuliza kwa nini inakatika, alicheka kidogo, mara ya kwanza. Akasema ilikuwa mbovu tangu wakati huo. Kila siku ilikatika hapo hapo, Gekara akawa anasema atauliza mafundi wa mtandaoni, na mtoto akazoea kumalizia mwenyewe, akiwa bado ndani ya blanketi.

Nikauliza neno la siri. Akasema ni jina la mtoto. Nikamwambia hilo nilijaribu hadi vidole vikauma. Mtoto akasogea akaniuliza, "Uliandika aje?" Nikamwandikia kwa kidole juu ya vumbi la kigoda: Nyambeki.

Akasoma. Akatikisa kichwa. "Hiyo si mimi, Anti."

Akanyoosha kidole kimoja, akatafuta herufi moja moja, ulimi nje. Ilipofika ya tano nilimwona akipita b akaenda p. Nyampeki. Ikafunguka.

Ndivyo anavyoitwa shuleni. Ndivyo Gekara alivyomwandikisha, kwa mkono wake, na karani alipotaka kumsahihisha akakataa, akasema hivyo ndivyo jina lile linavyoitwa nyumbani kwake. Chepchumba alinisimulia haya bila kuniangalia. Nami nilikuwa naangalia lile neno, na nilijua ni lini nililisikia mara ya mwisho, na nililisema vipi nilipokuandikia.

Hatukuzungumza mengine. Hakuniambia nilale, nami sikuomba. Aliponisindikiza hadi uani aliniuliza kitu kimoja, kama anauliza bei ya sukari: ile nyumba imekuwa stoo ya nini? Nikasema karatasi. Nikatia mkono mfukoni, nikaweka ufunguo juu ya ukingo wa tangi la maji, karibu na sabuni. Hakuuchukua nikiwa pale. Nilipogeuka kwenye kona haukuwepo. Hakuniambia atarudi, na mimi rimu zangu nimezihamisha.

Laptopu nimeiacha. Nyampeki anakusalimu. Anasema ukija utamsikia baba, na kama hutaki kusikia mashine atakuambia yeye, anajua yote.

Jukwaani niliandika, "Nimeshapata, asanteni." Nikakaa nikiangalia maneno hayo. Watu wakaanza kuuliza, ulifanyaje, ulifanyaje, nami kila nikiandika jibu nalifuta. Nilimtukana bure yule wa 2016. Ningeandika nini? Kwamba waya zote zilikuwa sawa, na mimi ndiye niliyekuwa nimekosea herufi moja?

Lakini juzi ameingia mtu mpya, sijui ni wa wapi. Kompyuta ya marehemu babake inajiwasha, inasema jina ambalo hakuna anayelijua pale nyumbani. Na jibu la kwanza chini yake lilikuwa limeshafika, la Waya Moja. Unalijua. Nikaandika chini yake: "Usizime. Kwanza mtafute anayeitwa."

Waya Moja akasema hilo si jibu la kiufundi.

Basi, ndugu yangu, kalamu naweka hapa, mafua yanadondokea karatasi. Nikikupigia siku moja, iache ilie hadi uwe tayari. Bado naamka saa ile ile, kumi na moja na dakika arobaini, bila saa. Huku hakuna kinachoongea. Nakaa kitandani, najisemea ya uji na ya sweta na ya soksi hadi mwisho, halafu navaa naenda kufungua saiba, ingawa si mimi ninayeitwa.

Dada yako,
Mongina